Chenji ya Mteja wa Kwanza

Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Tangu alipopatwa na kiharusi, ambacho kilijeruhi upande wa kulia wa ubongo wake, kila anayekuja kumjulia hali huondoka akimshukuru Mungu kwamba mgonjwa amepona. Wanamwona akitembea bila fimbo, wanamsikia akizungumza bila kukwama, na akianza kusimulia jinsi nyumba ya marehemu baba ilivyojengwa, hutaja hata jina la fundi aliyepiga lipu. Kwa kipimo cha mguu, mkono na ulimi, wageni hao hawajakosea. Tatizo lililobaki halionekani mpaka wateja wawili wasimame mbele ya kaunta kwa wakati mmoja na simu ianze kuita.

Mteja wa kwanza anataka misumari ya inchi 4, kilo mbili, pamoja na mfuko wa saruji. Kaka anapima misumari, anataja bei, anapokea noti. Hapo hapo mteja wa pili anauliza kama bati za geji 30 zimeingia. Kaka anamgeukia na kumjibu vizuri kabisa, akimtajia rangi zilizopo na bei ya kila moja, lakini anapomrudia yule wa kwanza anaikuta noti mkononi mwake na hajui tena kama ni fedha aliyopewa sasa hivi au ni chenji aliyokuwa akitaka kuitoa. Anasimama akiitazama. "Bosi, chenji yangu," mteja anakumbusha, na kuna siku alipewa chenji mara mbili, na siku nyingine aliambiwa ameshapewa.

Wifi yangu alikuwa akiwaeleza watu kwamba mume wake amepoteza kumbukumbu, na sidhani kama kuna familia yenye mgonjwa wa kiharusi ambayo haijawahi kusema hivyo. Hata hivyo, jioni duka likishafungwa, kaka huyo huyo huweza kukueleza ni nani aliyekuja, alinunua nini, na ni nani aliyeuliza habari za bati. Kumbukumbu iliyopotea saa nne asubuhi isingerudi yenyewe saa moja usiku. Kinachomshinda ni kushika mambo mawili kwa pamoja, na kulirudia la kwanza baada ya kukatizwa, na kazi hiyo ni ya umakini. Tofauti hii ina maana kubwa katika matunzo, kwa sababu anayedhaniwa kuwa msahaulifu hukumbushwa kila mara, na kule kukumbushwa wakati anahesabu fedha ni kelele nyingine inayomwongezea mzigo.

Wataalamu huugawa umakini katika sehemu kadhaa, na mgawanyo huo umetusaidia nyumbani kuliko maelezo mengine yote tuliyowahi kupewa. Mwaka 1987 watafiti McKay Moore Sohlberg na Catherine Mateer waliupanga kwa ngazi. Ngazi ya chini ni kuitikia kitu kinapotokea. Inayofuata ni kudumu na jambo moja kwa muda. Kisha kulichagua jambo moja katikati ya kelele. Kisha kuhama kutoka jambo moja hadi jingine na kurudi. Na juu kabisa ni kuyabeba mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1990 Michael Posner na Steven Petersen walieleza kwamba ndani ya ubongo kuna mifumo tofauti inayofanya kazi hizi: mmoja hutuweka macho na tayari, wa pili huelekeza macho na masikio panapohitajika, na wa tatu huamua kipi kitangulie pale mambo yanapogombania nafasi. Kiharusi huweza kuuvuruga mfumo mmoja na kuuacha mwingine ukiwa salama, kwa hiyo si ajabu kumkuta mtu anayesoma gazeti zima chumbani peke yake akishindwa kununua nyanya sokoni.

Upande wa kulia wa ubongo una uzito wa pekee katika habari hii. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nusu ya kushoto ya ubongo hushughulikia zaidi nafasi iliyo kulia kwetu, ilhali nusu ya kulia hushughulikia pande zote mbili. Ikiumia ya kushoto, ya kulia huweza kufidia; ikiumia ya kulia, nafasi ya kushoto hubaki bila wa kuiangalia. Majuma ya mwanzo kaka alilalamika kwamba analetewa ugali mkavu. Mchicha ulikuwapo sahanini, upande wa kushoto. Wifi alipoizungusha sahani kaka aliuona, akaula, kisha akauliza nani amechukua ugali wake. Tulicheka, naye akacheka, lakini macho yake yalipopimwa hayakuwa na kasoro yoyote.

Jambo hilo lilinishangaza mpaka niliposoma jaribio ambalo Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti walilifanya Milano, na kulitangaza mwaka 1978. Waliwataka wagonjwa wawili, wenyeji wa mji huo, wafikirie kwamba wamesimama katika uwanja wa Piazza del Duomo wakilitazama kanisa kuu, kisha wataje majengo wanayoyakumbuka. Walitaja yaliyokuwa upande wa kulia na kuyaacha ya kushoto. Halafu wakaombwa wafikirie wamesimama upande wa pili, wakiwa wamelipa kanisa mgongo, na sasa wakayataja yale yale waliyokuwa wameyaacha, wakiyaacha waliyoyataja mwanzo. Majengo yote yalikuwamo vichwani mwao, na hapakuwa na kitu cha kuonwa kwa macho. Kilichokosekana ni umakini wa kuufikia upande wa kushoto hata wa picha iliyo akilini. Kwangu mimi hakuna hoja iliyo na nguvu kuliko hiyo ya kumjibu anayesema kwamba mgonjwa "hataki tu kuangalia".

Dukani, upungufu huo ulikuwa na gharama. Katika daftari la madeni, 48,000 ilisomwa 8,000, kwa kuwa tarakimu ya kwanza ndiyo iliyokaa kushoto. Mtoa tiba kwa vitendo, yaani mtaalamu anayemsaidia mgonjwa kuzimudu tena shughuli zake za kila siku, aliyempokea kaka hospitalini alitufundisha kubandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kila ukurasa, na kumzoeza kaka kuutafuta utepe kwanza kabla hajaanza kusoma mstari. Mbinu hiyo ni ya siku nyingi. Kundi la Weinberg na Diller lilikuwa likiwafundisha wagonjwa wa New York kuanzia kwenye alama ya kushoto tangu miaka ya 1970. Haihitaji umeme wala intaneti, na utepe mmoja unatosha madaftari ya miaka.

Barabarani ndiko ninakoogopa zaidi. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, anayevuka huanza kukutana na yanayotoka kulia kwake, ambako kaka huangalia vizuri. Akishafika katikati, hatari inayobaki hutoka kushoto, nayo bodaboda haisubiri. Tumekubaliana kwamba havuki barabara kuu peke yake, na kuendesha gari kumewekwa kando mpaka daktari aseme vingine. Alikubali la kuvuka kwa shingo upande. La gari lilichukua muda mrefu zaidi, na shemeji zake wawili walihitajika.

Kabla ya kuzungumzia tiba, niseme neno kuhusu lawama. Mtu akishindwa kuinua mkono, hakuna anayemwambia ajitahidi zaidi kuutaka. Mtu akishindwa kukaa na mazungumzo mpaka mwisho, anaambiwa amekuwa mkaidi, ana kiburi, hajali wageni, au kwamba kuna mkono wa mtu. Gerry Mshana na wenzake, waliochunguza namna watu wanavyoueleza ugonjwa huu nchini Tanzania, waliandika mwaka 2008 kwamba Dar es Salaam wengi waliuhusisha kiharusi na mashetani na uchawi, ilhali katika wilaya ya Hai maelezo ya shinikizo la damu na mengine ya kimwili yalitawala. Wengi wangetarajia kinyume chake, kwamba mjini ndiko maelezo ya hospitali yangetangulia. Mimi sina ugomvi na dua, na za kaka tulizisoma, lakini namwomba kila anayemuuguza mtu asiyeweza kufuata mazungumzo aamini kwanza kwamba ubongo wenyewe ndio ulioumia mahali panapofanya kazi hiyo.

Ibada nayo ilitufundisha jambo ambalo sikulisoma popote. Kaka akiswali peke yake nyumbani alikuwa akipotea katika hesabu ya rakaa. Anafika ya tatu katika Adhuhuri, mlango unabishwa, na baada ya hapo hana hakika kama amebakiwa na moja au mbili. Sheria imemwekea njia, ashike idadi ndogo aliyo na hakika nayo kisha alete sijida ya kusahau, lakini yeye aliumia moyoni kwa kulazimika kuileta karibu kila siku. Msikitini hakupata shida hiyo hata kidogo. Imamu ndiye anayehesabu. Safu inainuka na kuinama pamoja, bega linagusa bega, na takbiri inamtangazia kila hatua kabla hajaitafuta. Ubongo ule ule, swala ile ile, na umakini uliokuwa ukimponyoka sebuleni ulishikwa na mpangilio uliomzunguka. Nilipomsimulia mtoa tiba alisema kwamba hicho ndicho tunachopaswa kukitafuta dukani, yaani mpangilio ambao utabeba sehemu ya kazi ya umakini badala ya kumtaka kaka aibebe yote mwenyewe.

Mwanzoni lakini tulijaribu njia nyingine, kwa sababu ndiyo inayovutia familia, nayo ni mazoezi ya ubongo. Sohlberg na Mateer waliunda mazoezi yanayofuata ngazi zao: mgonjwa husikiliza mfululizo wa namba au maneno yaliyorekodiwa na kubonyeza kitufe kila asikiapo neno fulani, kisha hufanya hivyo hivyo huku kukiwa na kelele, kisha kanuni hubadilishwa katikati, na kadhalika. Suzanne Barker-Collo na wenzake waliyajaribu mazoezi hayo nchini New Zealand kwa wagonjwa 78 wa kiharusi, wakatangaza matokeo mwaka 2009. Waliopewa mazoezi walifundishwa hadi saa 30 katika majuma manne, na alama zao katika kipimo cha umakini zilipanda kuliko za wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hilo ni jambo la kutia moyo, na sitaki kulipunguza.

Lakini mwaka 2019 Tobias Loetscher na wenzake walipoyakusanya tena majaribio yote yenye viwango chini ya mwavuli wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, walipata majaribio 6 tu, yenye washiriki 223 kwa jumla. Hitimisho lao ni la tahadhari. Mazoezi yaliboresha uwezo wa kubeba mambo mawili kwa pamoja pale mafunzo yalipomalizika, ila hapakuwa na ushahidi kwamba faida hiyo hudumu, wala kwamba humfanya mtu amudu vizuri zaidi shughuli zake za kila siku. Watu 223 ni wachache mno kwa ugonjwa unaowapata mamilioni kila mwaka, kwa hiyo matokeo hayo hayasemi kwamba mazoezi ni bure. Yanasema kwamba anayekuuzia uhakika anauza asichokuwa nacho.

Na wauzaji wapo. Mtoto mkubwa wa kaka alimwekea baba yake programu ya michezo ya akili kwenye simu, na kwa muda nyumba nzima ilifurahia. "Shangazi, Baba amepanda tena ngazi!" nilikuwa nikiambiwa kila nikipiga simu. Ngazi zilipanda kweli, naye kaka akawa hodari wa kugusa ndege wa rangi fulani kabla hawajatoweka kwenye kioo, huku chenji ikiendelea kupotea kama kawaida. Mwezi Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs, yenye programu ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza shauri la mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, iliyoituhumu kwamba imewadanganya wateja, na miongoni mwa madai yaliyolalamikiwa ni kwamba michezo yake ingepunguza upungufu wa akili unaotokana na kiharusi. Simkatazi mtu kucheza. Mchezo unafurahisha, na furaha ni haba katika nyumba yenye mgonjwa. Naona tu kwamba akili huwa hodari katika kile inachozoezwa, na kaka hakuwa na haja ya kuwa hodari wa ndege.

Mafanikio yaliyoonekana dukani yalianzia kwa swali la mtoa tiba: ni wakati gani hasa mambo yanaharibika, na dakika moja kabla ya hapo kulikuwa na nini? Tuliketi benchi la nje, mimi na wifi, tukaangalia siku nzima. Makosa hayakutawanyika ovyo. Yalikuja pale muamala mmoja ulipokatizwa na mwingine, redio ilipokuwa ikitangaza mpira, na zaidi baada ya saa saba mchana. Asubuhi, akiwa na mteja mmoja, kaka alikuwa muuzaji yule yule tuliyemjua.

Kuna mbinu ambayo Luciano Fasotti na wenzake waliiandika nchini Uholanzi mwaka 2000 kwa watu walioumia kichwa, na ambayo kundi la Ieke Winkens liliijaribu baadaye kwa waliopata kiharusi, inayolenga wale ambao ubongo wao umekuwa mzito wa kupokea mambo. Badala ya kujaribu kuuharakisha ubongo, humfundisha mtu kuitambua mapema hali ya kubanwa na muda, kuipunguza kabla haijatokea kwa kujipanga, na kuwa na jambo la kufanya pale inapomkuta hata hivyo. Ukiisoma haraka utaona ni busara ya kawaida tu. Ugumu wake ni kwamba lazima mgonjwa mwenyewe akubali kwamba amekuwa mzito, na kaka hakulikubali hilo kwa maneno ya mtu yeyote. Alilikubali siku alipohesabu mwenyewe sanduku la fedha, bila kuambiwa, akalinganisha na daftari.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Noti ya mteja sasa haiingii sandukuni mpaka chenji itoke. Inakaa juu ya kaunta chini ya jiwe la mizani, ili kaka akikatizwa, kaunta yenyewe imweleze amefikia wapi. Bei za bidhaa zinazotoka sana zimeandikwa kwa herufi kubwa ukutani, upande wa kulia. Wateja wanaosubiri wana benchi, na benchi limesogezwa mbali kidogo na kaunta, kwa sababu mtu aliyeketi haulizi maswali kama aliyesimama. Redio ilizimwa. Simu ya biashara na miamala yote ya fedha kwa simu ilihamia kwa mwanawe. Mchana kaka hulala, na wifi hushika duka mpaka Alasiri.

Jambo la mwisho alilofundishwa lilinifanya nitabasamu, kwa jinsi lilivyo dogo. Mwaka 1995 Ian Robertson na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 8 waliopuuza upande wa kushoto, ambao walifundishwa kujiamsha wenyewe. Mwalimu aligonga meza ghafla na kutamka neno la kuwataka wawe makini. Baadaye mgonjwa aligonga na kutamka mwenyewe. Kisha akatamka kwa kunong'ona, na mwishowe moyoni tu. Hoja yao ni kwamba mfumo wa ubongo unaotuweka macho huweza kuamshwa kwa makusudi, na ukiamka husaidia hata ule unaoelekeza macho. Kaka hugonga kaunta kwa kidole mara moja kabla ya kuhesabu chenji, kisha husema kwa sauti anachokifanya: "Elfu ishirini umenipa, natoa elfu nne." Wateja wapya hudhani ni mbwembwe za muuzaji. Wazoefu humsubiri amalize, na mmoja, fundi mabomba, ameiga.

Sidai kwamba mbinu hizi zina ushahidi mzito kuliko mazoezi ya kwenye kompyuta. Tafiti zake nazo ni chache na ndogo. Nazipendelea kwa sababu zinaigusa kazi yenyewe ambayo mtu anaihitaji, na zikishindwa utajua siku hiyo hiyo kwa kuhesabu sanduku.

Kuna mambo mengine yanayojifanya kuwa upungufu wa umakini, nayo yapaswa kuchunguzwa mapema kwa kuwa baadhi yake yanatibika. Uchovu unaofuata kiharusi ni mkubwa kuliko ule wa kazi, na huja hata kwa aliyekaa tu. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, na mwenye sonona hawezi kutuliza akili mahali pamoja. Usingizi mbaya, hasa wa mtu anayekoroma na kukatika pumzi, huharibu umakini wa yeyote, na dawa za usingizi au baadhi ya dawa za kifafa huweza kuongeza uzito. Masikio na miwani vitazamwe pia. Vidonge vya shinikizo la damu viendelee hata pale mgonjwa anapojiona mzima, kwa sababu kiharusi cha pili humkuta mtu akiwa tayari ameumizwa na cha kwanza.

Kupimwa kwenyewe kuna mtego wake. Kipimo maarufu cha uwezo wa akili kiitwacho MoCA, kilichotangazwa na Ziad Nasreddine na wenzake mwaka 2005, kinacho kipengele ambapo mgonjwa husomewa herufi na kugonga meza kila asikiapo A, na kingine cha kutoa 7 kutoka 100 mfululizo. Kaka alimaliza shule, hivyo alama zake zilisomeka. Kwa mzee ambaye hakupata shule, kushindwa kutoa saba saba hakutuambii lolote kuhusu ugonjwa wake. Watafiti waliofanya kazi Hai waliliona hilo na kuunda kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambamo moja ya kazi ni kupanga njiti za kiberiti kwa kufuata umbo lililooneshwa. Kiliundwa kwa ajili ya ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kwa hiyo hakijibu maswali yote ya umakini baada ya kiharusi, ila kinaonesha kwamba vipimo vinaweza kuanzia kwenye maisha ya wanaopimwa.

Uhitaji ni mkubwa. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, ukiongozwa na Richard Walker, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam, kiwango kilicho juu hata kikilinganishwa na cha nchi nyingi tajiri. Wengi wa wanaonusurika huishia kwa fiziotherapia, na mguu ukishapata nguvu faili hufungwa. Hati ya kaka ya kuruhusiwa kutoka hospitali ya kwanza ilitaja mkono, mguu na dawa, basi. Anayeuguza mtu aombe kwa jina apelekwe kwa mtoa tiba kwa vitendo, fani ambayo hapa nchini hufundishwa kwenye hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, na aende na maelezo ya kazi halisi inayomshinda mgonjwa wake: kuhesabu chenji, kupika huku mtoto analia, kufuata kikao cha ukoo. Ukisema tu kwamba "anasahausahau" utapewa ushauri wa kuandika mambo kwenye daftari.

Kwa ruhusa ya mtoa tiba, redio imerudi dukani, kwa sauti ya chini, asubuhi tu kabla wateja hawajawa wengi, na mpira bado umepigwa marufuku. Kaka anataka arudishiwe pia simu ya miamala. Mwanawe yuko tayari kumpa, wifi hataki, nami niko upande wa wifi, kwa kuwa chenji iliyozidi huweza kuombwa kwa fundi tunayemfahamu kesho yake, lakini fedha iliyotumwa kwa namba isiyo sahihi humlazimu mtu kuwapigia huduma kwa wateja na kusubiri mwisho wa wimbo.